Thomas Dolby, kutoka jukwaani hadi kwenye simu za Nokia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unamhusu Thomas Dolby, Mwingereza aliyempigia kinanda David Bowie mbele ya dunia nzima, kisha akaanzisha kampuni ambayo programu yake ya sauti iliingia kwenye mamia ya mamilioni ya simu. Nimeuandika nikiwafikiria wapiga vinanda, wa kwaya, wa bendi na wa studio, wanaouliza kama kazi hii ina njia nyingine zaidi ya jukwaa. Ipo. Na kisa chake nakipenda kwa sababu moja: biashara aliyoifanya ilitoka moja kwa moja kwenye vidole na masikio yake. Tangu ujana alikuwa bingwa wa kutoa muziki mkubwa kwenye mashine zenye uwezo mdogo, na hicho ndicho alichokuja kuuza.

Thomas Dolby ni nani kwa ufupi?

Ni mpiga kinanda, mtunzi, mwimbaji na prodyuza aliyezaliwa London tarehe 14 Oktoba 1958. Alivuma miaka ya 1980, akaanzisha kampuni ya teknolojia ya muziki huko California mwaka 1993, akarudi kwenye muziki mwaka 2006, na tangu 2014 ni profesa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani.

Dolby ni jina lake la kuzaliwa? Ana undugu na kampuni ya Dolby?

Hapana, na hapana. Jina lake ni Thomas Morgan Robertson. Wenzake wa shuleni walimbandika jina la Dolby kwa sababu hakubanduka kwenye vinasa sauti na kanda, na wakati huo neno hilo lilikuwa limechapwa kwenye kila redio ya kaseti yenye mfumo wa kupunguza mvumo wa kanda. Alipoanza kuvuma, kampuni ya Dolby Laboratories ilimfungulia madai. Mwisho wakaelewana: aendelee kulitumia jina, lakini liambatane na Thomas.

Msanii anayetafuta jina la kazi aitazame habari hii kwa makini. Jina unalopachikwa kwa mzaha mtaani linaweza kuwa alama ya biashara ya mtu mwingine, na ukishalijenga kwa miaka mitano, kulibadilisha ni kuanza upya.

Mbona nimesoma kwamba alizaliwa Cairo?

Habari hiyo ilienezwa na matangazo yake ya miaka ya 1980. Alizaliwa London. Baba yake, Martin Robertson, alikuwa profesa wa akiolojia ya Ugiriki na Roma ya kale, na mvulana alikulia kwenye nyumba ya watu wa vitabu.

Alianza kupataje riziki kwenye muziki?

Kwa kushika kila kazi iliyokuwa karibu na muziki. Aliwafanyia wengine ufundi wa sauti kwenye matamasha kabla hajawa na nyimbo zake. Mwaka 1979 akajiunga na bendi ya Bruce Woolley, The Camera Club, kama mpiga kinanda. Baadaye akapiga na mwimbaji Lene Lovich na kumtungia wimbo, uliotoka mwaka 1981.

Kisha kikaja kipindi ninachokiheshimu zaidi. Alikuwa Paris, anapiga muziki mitaani ili apate chochote, pale alipoitwa New York kupiga sintesaiza kwenye albamu ya bendi ya Foreigner iliyotoka mwaka 1981. Ule utangulizi wa taratibu, kama ukungu unaoshuka, kwenye wimbo wao mkubwa wa mapenzi wa albamu hiyo, “Waiting for a Girl Like You”, ni kazi ya mikono yake. Malipo ya kazi ile hayakuishia kwenye anasa, bali aliyatumia kugharimia albamu yake mwenyewe ya kwanza, iliyotoka mwaka 1982.

Yaani mtaji wake wa kwanza aliupata kwa kuwapigia wengine. Wapiga vinanda wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Lubumbashi wanaishi hivyo hivyo, Jumamosi harusini, Jumapili kanisani, katikati ya wiki studio. Dolby alizihesabu kazi za kukodiwa kuwa akiba ya kazi yake mwenyewe.

Wimbo uliompa jina ni upi?

“She Blinded Me with Science”, wa mwaka 1982, uliofika nafasi ya 5 kwenye chati ya Billboard ya Marekani mwaka 1983. Sauti ya mzee anayepaza “Science!” ni ya Magnus Pyke, mwanasayansi aliyekuwa akijulikana sana kwenye televisheni ya Uingereza. Video yake aliiongoza Dolby mwenyewe, na kituo cha MTV, kilichokuwa kimeanza mwaka 1981, kiliipiga mara kwa mara.

Ubaya wa wimbo mkubwa ni kwamba unafunika mengine. Huyo huyo ndiye prodyuza wa albamu ya bendi ya Prefab Sprout ya mwaka 1985, ambayo wapenzi wengi wa pop ya Uingereza bado wanaitukuza. Alifanya kazi na mwimbaji Joni Mitchell mwaka huo huo, na kabla ya hapo, mwaka 1982, aliwatengenezea kundi la Whodini wa New York moja ya rekodi zao za kwanza za rap. Kijana wa nyumba ya profesa akawapa vijana wa Brooklyn midundo ya mashine, na mambo yakaenda.

Alifikaje Live Aid na David Bowie?

Live Aid lilikuwa tamasha kubwa la hisani. Bowie alihitaji bendi ya kupanda nayo jukwaani humo, uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, na Dolby akapewa vinanda. Mazoezi yalikuwa machache, na nyimbo zilikuwa nne. Miaka mitano baadaye, tarehe 21 Julai 1990, alikuwa Berlin kwenye onyesho kubwa la Roger Waters, aliyekuwa wa bendi ya Pink Floyd, pale ukuta ulipokuwa umesimama.

Alikuwa akitumia vinanda gani?

Hapa ndipo biashara yake ya baadaye ilipoota mizizi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitumia mitambo ya PPG ya Ujerumani, kisha Fairlight CMI iliyobuniwa Sydney, Australia, na Peter Vogel na Kim Ryrie. Fairlight ilikuwa kompyuta yenye kinanda. Ungeweza kunasa sauti yoyote, mlango, chupa, kikohozi, kisha ukaipiga kwa noti. Bei yake ilikuwa ya nyumba. Lakini uwezo wake, ukiupima kwa macho ya leo, unashangaza kwa udogo: sauti 8 tu kwa wakati mmoja, na kila sauti ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16. Picha moja ya kawaida uliyotumiwa leo asubuhi kwenye simu haiwezi kuenea humo.

Kwa hiyo aliyepiga Fairlight alilazimika kufanya uchaguzi kila dakika. Ipi ibaki, ipi iondoke? Sauti ya nusu sekunde utaizungushaje ili msikilizaji aisikie kama inaendelea? Noti ya besi na pigo la ngoma zikigombea nafasi, nani ampishe mwenzake? Dolby alikaa miaka kumi na maswali hayo. Ukijua hilo, safari yake ya kwenda kwenye simu haikushangazi hata kidogo.

Kwa nini alihamia kwenye biashara?

Alishaishi Los Angeles na alishafanya muziki wa filamu na michezo ya kompyuta, akaona kwamba kompyuta za nyumbani zilikuwa na picha nzuri na sauti mbovu. Mwaka 1993 alitengeneza kazi ya maonyesho iliyowekwa kwenye jumba la sanaa la Guggenheim la SoHo, New York: unavaa kofia ya uhalisia wa kubuni (virtual reality), unajikuta katikati ya wapigaji wanne wa Mozart, na ukimsogelea mmoja, sauti yake inakuja mbele. Mwaka huo huo akaanzisha Headspace pamoja na Mary Coller.

Headspace iliuza nini?

Injini ya sauti, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya kompyuta au kifaa na kupiga muziki kwa kufuata maelekezo. Kampuni ilibadili jina kuwa Beatnik mwaka 1999, na faili zake ziliitwa RMF.

Ili uelewe kwa nini kitu hicho kilikuwa na thamani, piga hesabu ya miaka hiyo. Dakika moja ya muziki wa ubora wa CD ni kama megabaiti 10. Modemu ya nyumbani, yaani kifaa cha kuingilia intaneti kwa laini ya simu, katikati ya miaka ya 1990 ilipitisha kilobiti 28.8 kwa sekunde, na biti nane ndizo zinazofanya baiti moja. Dakika hiyo moja ya muziki ingechukua karibu dakika 50 kushuka. Nani angesubiri?

Njia nyingine ni MIDI, lugha ya vinanda iliyotangazwa mwaka 1983. MIDI haibebi sauti, inabeba maelekezo: noti hii, kwa nguvu hii, anza sasa, acha sasa. Amri ya kubonyeza noti moja ni baiti tatu tu. C ya katikati, kwa mfano, ni namba 60. Wimbo mzima wa dakika tatu unaweza kuwa kilobaiti 40, ukashuka kwa modemu ile ile kwa sekunde kumi na kitu.

Tatizo la MIDI kila mpiga kinanda analijua. Faili lile lile ukiliweka kwenye Yamaha linasikika hivi, ukilipeleka kwenye Casio linakuwa kichekesho, kwa sababu kila mashine ina piano yake na ngoma zake. RMF ilitibu hilo kwa kuruhusu mtunzi afungashe ndani ya faili vipande vidogo vya sauti zake mwenyewe, pamoja na taarifa za hakimiliki. Vinanda na ngoma za kawaida vikawa tayari ndani ya injini. Msikilizaji wa Tokyo na wa Toronto wakasikia kitu kimoja.

Programu aliiandika mwenyewe?

Hapana, na hili nataka lisomwe polepole. Injini iliandikwa na Steve Hales, fundi wa programu ambaye alikuwa na kampuni yake ndogo kabla ya kuungana na Headspace. Dolby alileta masikio, wazo la kwamba sauti ni sehemu ya ukurasa wa intaneti kama ilivyo rangi, na jina lililofungua milango. Kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems ilichukua leseni ya injini hiyo kwa ajili ya sauti ndani ya Java, lugha yake ya kuandikia programu.

Nimekutana na wanamuziki wenye mawazo mazuri ya programu waliokwama kwa kudhani lazima kwanza wajifunze kuandika msimbo wao wenyewe. Tafuta fundi. Andikianeni mkataba mapema, kila mtu ajue fungu lake, kisha wewe kaa kwenye lile ambalo fundi hana.

Nokia waliingiaje?

Kwa shida ile ile ya nafasi ndogo. Simu za miaka ya 1990 zilipiga noti moja moja. Nokia walitaka simu inayopiga sauti kadhaa kwa pamoja, na simu ilikuwa na kumbukumbu haba, betri ya kuhurumiwa na spika ndogo mno. Walichukua leseni ya injini ya Beatnik. Nokia 3510, iliyotoka mwaka 2002, ilikuwa miongoni mwa simu zao za kwanza zenye milio ya namna hiyo, ikiwa na sauti nne kwa pamoja.

Simu moja ilipiga sauti 4, nyingine 16, nyingine 24. Mtunzi afanye nini, aandike matoleo matatu? Jibu lilikuwa kiwango kilichoitwa SP-MIDI, ambacho Nokia na Beatnik walikuwa miongoni mwa waliokisukuma. Ndani ya faili mtunzi anapanga foleni ya sauti kwa umuhimu. Simu ndogo ikishindwa kuzibeba zote, inaacha zile za mwisho kwenye foleni, na wimbo unabaki wimbo.

Foleni hiyo haiwezi kupangwa na mhandisi peke yake. Anayejua kwamba ukiondoa kinanda cha pili wimbo hautaumia, lakini ukigusa besi umeua kila kitu, ni mtu aliyewahi kukaa kwenye bendi. Mpiga kinanda wa dansi ambaye amewahi kupanda jukwaani na mpiga trampeti mmoja badala ya watatu, akajaza pengo kwa mkono wa kulia, alishafanya kazi hii kichwani kabla haijapewa jina.

Je, simu hizo zilifika kwetu?

Zilifika kwa wingi. Nokia ndiyo iliyokuwa simu ya watu Afrika Mashariki kwa karibu muongo mzima, na mlio wa sauti nyingi ulikuwa fahari ya mwenye nayo. Kariakoo na Luthuli Avenue ulilipa ukawekewa mlio mpya. Kwa vijana wengi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona muziki ukiuzwa bila kaseti wala CD.

Nani alilipwa mlio ulipouzwa?

Mlio wa MIDI hauna rekodi ndani yake. Hakuna sauti ya mwimbaji, hakuna gita la mtu fulani. Kwa hiyo haki iliyohusika ilikuwa ya utunzi, na mlipwaji alikuwa mtunzi na mchapishaji wake. Baadaye simu zilipoanza kupiga kipande halisi cha wimbo, mwenye rekodi naye akaingia kwenye mgawo, na kwa kawaida akachukua fungu kubwa.

Tofauti hiyo bado inawagharimu watu wetu. Mpiga kinanda anatunga sauti ya utangulizi ambayo ndiyo watu wanaikumbuka, analipwa posho ya siku, anaondoka bila jina lake kuandikwa popote kama mtunzi mwenza. Wimbo ukigeuzwa kuwa mlio wa kusubiria simu, hana pa kudai. Kama umetunga, sema kabla ya kurekodi, iandikwe, usajiliwe kwenye taasisi ya hakimiliki: COSOTA ukiwa Tanzania Bara, COSOZA ukiwa Zanzibar, chama chako cha wasanii ukiwa kwingine.

Biashara ilimwendea vizuri wakati wote?

Hapana. Kwenye intaneti watu walipewa programu ya kusikilizia bure, na mapato hayakuja kwa kasi ya matumizi. Kampuni iliendeshwa kwa fedha za wawekezaji, na Dolby alimwachia mtu mwingine kiti cha ukurugenzi mtendaji. Mwaka 2000 soko la hisa za kampuni za intaneti likaporomoka, Beatnik ikapunguza watu kama majirani zake wote wa Silicon Valley. Kilichoiokoa ni leseni za simu. Mwaka 2002 Dolby alianzisha kampuni ndogo nyingine, Retro Ringtones, ya kutengeneza milio. Msimbo wa injini yenyewe uliachiwa wazi kwa yeyote mwaka 2009, na wapenda mambo ya kale ya simu wanautumia hadi leo.

Alirudi jukwaani?

Ndiyo, mwaka 2006, peke yake na mashine zake, akizijenga nyimbo mbele ya watu, tabaka juu ya tabaka, ili waone zinavyotengenezwa. Kati ya 2001 na 2012 alikuwa pia mkurugenzi wa muziki wa TED, mikutano ya hotuba fupi za mawazo mapya.

Studio aliyoijenga Uingereza inastahili sentensi yake: mashua ya uokoaji ya miaka ya 1930, imewekwa bustanini kwenye pwani ya Suffolk, inaendeshwa kwa jua na upepo. Humo ndimo alimotengenezea albamu yake ya mwaka 2011.

Sasa anafundisha nini?

Aliingia Johns Hopkins mwaka 2014, na mwaka 2018 programu ya muziki wa vyombo vipya vya habari ilianza katika taasisi ya Peabody ya chuo hicho. Wanafunzi wanajifunza kutunga kwa ajili ya filamu, michezo ya kompyuta na uhalisia wa kubuni.

Mpiga kinanda wa kwetu aanzie wapi akitaka njia kama hii?

Aanzie kwenye kile kinachomkera kila siku. Mitindo ya midundo iliyomo ndani ya vinanda vya kupangia muziki ilitengenezwa kwa ajili ya masoko mengine. Mdundo wa rumba upo lakini umepooza, sebene haipo, mchiriku haupo, na mpigaji wa taarab ya kisasa hulazimika kuiunda mizani yake mwenyewe usiku kucha. Wapo wanaotengeneza midundo hiyo na kuiuza kwa wenzao kwa flashi au kwa WhatsApp. Hiyo tayari ni biashara ya teknolojia ya muziki. Inachokosa ni bei inayoeleweka, leseni iliyoandikwa hata kwa ukurasa mmoja, na mahali pa kununulia panapojulikana.

Upande wa pili ni maktaba za sauti. Gambusi, kanuni, marimba, msondo, zeze: zilizonaswa vizuri, noti kwa noti, na mtu anayezijua, bado ni chache. Anayefaa kuzinasa ni yule anayejua namna mkono wa mpigaji unavyoteleza, na huyo yuko Unguja, Bagamoyo au Lamu.

Nianze kumsikiliza kwa kazi gani?

Usianze na wimbo ule mkubwa. Anza na albamu yake ya pili, “The Flat Earth” ya mwaka 1984, uvae visikizio, ufuate besi. Kisha sikiliza utangulizi wa Foreigner niliotaja juu, halafu tafuta kwenye mtandao mlio wowote wa Nokia wa miaka ya 2002 hadi 2005 wa sauti nyingi na ujaribu kuuhesabu: ni vyombo vingapi vinapiga kwa pamoja, na ni kipi kingeondolewa kwanza?